Mtani wa Da Shufaa

Kitu cha kwanza alichokiona Carmel ni kwamba yule mzee hakuvua viatu.

Kila aliyeingia kwa Shufaa alivua viatu mlangoni. Fundi wa umeme alivua. Msimamizi wa jengo alivua, soksi ikiwa na tundu kwenye kidole gumba, akasimama kwa aibu akijaribu kulificha tundu kwa mguu wa pili. Hata Marcelline mwenye saluni, asiyemnyenyekea mtu, alivua ndala zake na kuziegemeza ukutani. Lakini mzee Othmani alipita moja kwa moja na viatu vyake vyeusi vyenye vumbi, akakanyaga busati jipya lililonunuliwa kwa ajili ya Idi, akakikalia kiti cha Shufaa mwenyewe, akafunua chungu cha uji wa futari kabla hajakaribishwa.

"Uji huu," alisema, "kwetu tunawanywesha punda wenye homa."

Carmel alingoja radi ipige. Shufaa hakuwa mtu wa kuchezewa. Aliuza madera na mitandio katikati ya jiji la Johannesburg, na walinzi wa mtaa ule walipishana naye kwa adabu. Lakini Shufaa alicheka.

"Basi kunywa," alisema. "Punda mwenyewe si kashafika."

Mzee akanywa, akapangusa sharubu, kisha akanyoosha kidole kuelekea kwenye pazia la maua lililokata pembe ya sebule. "Na huyu Mkongo wako bado yupo? Mwambie afungashe. Mwezi ujao hapa si penu."

Shufaa alicheka tena, ila safari hii aliinuka upesi kwenda jikoni, akisema sambusa zinaungua. Carmel alibaki akilitazama pazia. Sambusa alizikaanga yeye. Zilikuwa zimeshatoka kwenye mafuta na jiko limezimwa.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2016. Shule zimefungwa, baridi imekaza, na mfungo umebakiza siku tatu au nne, kutegemea mwezi. Katika jengo lao mtaani Berea upepo ulipenya kwenye fremu za madirisha ukapiga filimbi mchana kutwa. Saa kumi na moja na nusu jua lilikuwa limeshajizamia, na watu wa ghorofa ya saba walijikusanya jikoni kwa Shufaa kama kuku kwenye majivu, Waislamu wakifuturu na Wakristo wakisaidia kula.

Pembe ile nyuma ya pazia ndiyo ilikuwa makao ya Carmel. Godoro, begi, na msumari wa kutundikia nguo. Alikuwa na miaka ishirini. Kwao Uvira aliacha shule darasa la tatu, na kitu alichokibeba kutoka shuleni kuliko vyote ni siku aliyopigwa kwa kutojibu swali ambalo jibu lake alilijua. Tangu hapo maneno yake yalifika kooni yakakaa. Miaka miwili iliyopita Marcelline, aliyempa kazi ya kuosha wateja nywele, alimleta kwa Shufaa alale siku tatu tu. Siku zile tatu hazikuisha. Shufaa hakuwahi kumwambia, "Kaa." Alimpa mto, baadaye akampa blanketi, baadaye akamtundikia pazia. Carmel alilala kule nyuma usingizi ambao hakuwahi kuulala tangu utotoni, akisikia Shufaa akijisemea peke yake na kukohoa upande wa pili.

Sasa mtu kasema afungashe. Na mahali ambapo hukuwahi kuambiwa ukae, utasema nini ukiambiwa utoke?

Kesho yake alimweleza Marcelline saluni, kwa sauti ya chini, huku akikamua taulo.

"Alisema mbele ya batu?" Marcelline aliuliza, sindano ya kushonea nywele ikiwa mdomoni.

"Mbele ya batu yote."

"Na Shufaa?"

"Alicheka."

Marcelline alitoa sindano mdomoni. "Alicheka! Sikia, mutoto. Kwetu mutu akitaka utoke, anafungua mulango na kupiga kelele, jirani banasikia, unajua iko vita. Batanzania hapana. Banakufukuza na kicheko, banakuambia karibu tena. Funga begi. Mutu mwenye begi tayari hapate haya."

Carmel akafunga begi jioni ile ile. Akalifungua tena kutoa mswaki. Akalifunga. Akalifungua kutoa kanga ya kujifunika, maana baridi haikujua kwamba anahama. Mwishowe aliliacha wazi nusu, nguo zikichungulia.

Lakini kesho yake Shufaa alirudi kutoka sokoni na dera jipya la rangi ya zambarau, akamtupia mapajani. "La Idi hilo. Lijaribu, nisije nikawa nimekadiria vibaya." Lilimkaa kama aliyepimwa. Carmel alisimama katikati ya sebule, mikono mipana ikining'inia, akiwaza. Mtu hamnunulii nguo mtu anayemtoa. Au humnunulia? Labda ndivyo wanavyoagana kwao. Aliona macho ya Shufaa yakiteleza kutoka kwenye dera hadi kwenye begi lililo nusu wazi, kisha yakaondoka.

"Zuri," alisema Shufaa. "Zuri sana."

Akaingia chumbani, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Aliyemfungua Carmel macho, au aliyedhani amemfungua, ni Tumu, mke wa Othmani. Alikuja mchana wa kuamkia Idi kusaidia kumenya vitunguu saumu. Tumu alikuwa mwanamke wa Unguja, mwembamba, mpole, mwenye maneno ya kupimwa. Alimtazama Carmel akimenya punje ile ile mara mbili.

"Bi mdogo, mume wangu kakutisha?"

Carmel alitikisa kichwa kukataa. Kisha, bila kupanga, akatikisa kukubali.

Tumu alicheka kidogo. "Masikini. Wale ni watani. Othmani Mnyamwezi. Babu yake alitoka Tabora akaja Tanga kukata mkonge. Shufaa Mzigua wa Handeni. Wanyamwezi na Wazigua wanataniana tangu enzi za mababu. Mtani hukutukana ukacheka. Hukanyaga busati lako, hula chakula chako, hukuchukulia kitu chako mchana kweupe, nawe humkasirikii. Unakikomboa kwa kitu kidogo, yamekwisha. Mimi mwenyewe wa Unguja, siku ya kwanza nilidhani wanapigana."

"Kwa hiyo anasema bongo tu?"

"Uongo mtupu."

Carmel aliachia pumzi. Lakini ubongo wake, uliozoea kutafuta mahali patakapoporomoka, ukamletea swali jingine. "Na siku akisema kweli, mutu anajua je?"

Kisu cha Tumu kilisimama. Alitazama bakuli, kisha dirisha.

"Hizi punje ngumu za mwaka huu," alisema. "Ziloweke kwenye maji ya moto, maganda yatatoka yenyewe."

Jioni habari ya mwezi ilifika kwa simu tatu kwa pamoja. Mmoja alisema umeonekana, mwingine akasema haujaonekana, wa tatu akasema umeonekana lakini kwingine. Shufaa alizunguka sebuleni akiuliza, "Sasa mimi niloweke mchele au nisiloweke?" Ilipothibitika kwamba kesho ni Idi, alimwita Carmel jikoni, akamkabidhi mwiko.

"Kesho pilau utaipika wewe."

"Mimi?"

"Mimi na Tumu tutakwenda kuswali. Umeniona nikiipika miaka miwili. Unajua."

Hili nalo lilimchanganya. Sufuria ile kubwa Shufaa hakuwahi kumwachia mtu. Wageni waliomwomba wamsaidie aliwapa kachumbari wakate. Carmel alilala na mwiko kichwani, hajui kama amepewa cheo au amepewa kwaheri.

Asubuhi barafu nyembamba ilikuwa imeganda kwenye matambara yaliyoanikwa barazani. Marcelline alikuja mapema na sombe yake, kisamvu cha kwao, kwenye ndoo, kaivisha kwake kwa mafuta ya mawese, maana alisema haiwezekani Idi ipite bila mboga ya watu. Wakabaki wawili, Wakristo wawili wanaopika Idi ya Waislamu.

Carmel alikaanga vitunguu bila haraka, akavipeleka mpaka rangi ya kahawia iliyokaribia kuungua lakini haijaungua, kama alivyoona. Akatia saumu na tangawizi. Akatia nyama na viazi, akamwagia bizari nzima, pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu chache. Harufu ilipanda ikapita chini ya mlango. Mtoto wa jirani, Mzulu, aligonga akachungulia, akauliza kwa Kizulu kama chakula kiko tayari. Carmel akajaza supu ya nyama, akatia mchele, akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akaongeza kidogo, akaogopa, akaonja tena. Maji yalipokaukia akafunika kwa karatasi ya fedha akaiingiza sufuria kwenye oveni ipaliwe.

"Ukitoka hapa," Marcelline alisema, akikoroga sombe, "angalau umejifunza hiyo."

"Ya Marcelline, dada yangu, sitoke. Bale ni batani." Akamweleza yote aliyoambiwa na Tumu.

Marcelline alisikiliza, mwiko hewani. "Kwa hiyo akikutukana, anakupenda?"

"Hapana. Ndiyo. Hanipende mimi, ni Shufaa ndiye..." Carmel aliishiwa. "Ni ya mababu."

"Eish. Mababu ya watu," alisema Marcelline, akarudi kwenye sufuria yake.

Saa nne watu walirudi kutoka kuswali, mashavu yamekauka kwa baridi, wakinukia udi. Idi mubarak huku, Idi mubarak kule. Shufaa alifunua sufuria. Mchele ulisimama punje kwa punje, umeiva rangi ya gome la mdalasini. Alichota kwa kijiko, akala, akafumba macho. Carmel alipoona machozi kwenye kope zake alidhani ni mvuke.

Wakatandika mkeka juu ya busati. Watu kumi na mmoja, masinia mawili, bakuli la kachumbari, sombe ya Marcelline katikati, na sinia la tatu la nyama ya mbuzi ya kukaanga. Kabla mtu hajanawa, Othmani akajitoma kati ya watu na viatu vyake, akalinyakua lile sinia la nyama, akaenda kukaa nalo kizingitini, miguu nje, mgongo ndani.

"Hailiwi! Nimetembea kutoka Tabora kwa miguu, sijapewa hata maji. Nataka faini."

"Rudisha nyama, mpagazi wee!" Shufaa alimrukia kwa maneno. "Babu yako alifika Pangani na meno ya tembo kichwani, akaiona bahari akataka kuinywa yote aimalize!"

"Na babu yako alikuwa pale pale ufukweni akimuuzia kata ya kuinywea! Mzigua huuza mpaka kivuli chake. Faini!"

Watu walikuwa wanacheka, wanashika mbavu. Carmel naye alihisi kitu kikimpanda kifuani, kitu chepesi. Sasa alielewa. Alikuwa amepewa ufunguo, na mlango ulikuwa mbele yake. Alichukua chupa ya soda ya tangawizi, akapita katikati ya magoti ya watu ndani ya dera lake la zambarau, mpaka kizingitini.

"Shika," alisema, na sauti ikatoka. "Kunywa, punda."

Watu waligeuka kumtazama. Kisha kikazuka kicheko cha kuangusha vyombo. Tumu alijifunika uso kwa mtandio. "Mwanangu, huyo si mtani wako!" alisema akilia kwa kucheka. "Mtani wake ni Shufaa! Wewe umemtukana mzee wa watu bure!"

Carmel alitaka ardhi immeze. Lakini Othmani aliipokea chupa kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea zawadi ya heshima. "Mwacheni," alisema. "Leo nimepata mtani wa Uvira." Akamtazama Carmel kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa. Kisha akainua kichwa kumtazama Shufaa, juu ya vichwa vya watu, na Shufaa akainamisha macho.

"Basi kama ni mtani wangu," Othmani alisema, "nina neno lake. Mkongo, sikia. Huyu Mzigua ameuza kitanda chake. Ameuza na jokofu. Tarehe thelathini anapanda basi kwenda Handeni. Mama yake haoni tena, hana wa kumpa maji. Anakwenda na harudi. Hapa wanahamia watu wengine."

Carmel alicheka.

Alicheka kama alivyokuwa hajacheka tangu aje mji huu, kichwa nyuma, mkono kwenye fremu ya mlango. Kitanda! Kilikuwa chumbani, alikitandika jana! Na jokofu! Alicheka mpaka akakosa pumzi, na alipovuta pumzi nyingine ndipo alipogundua kwamba kicheko kilichojaa masikioni mwake ni chake peke yake.

Aligeuka. Marcelline alikuwa ameshika kijiko cha sombe bila kukipeleka popote. Tumu alikuwa anakunja ncha ya mtandio wake. Wengine walitazama masinia. Othmani hakuwa na uso wa mtani. Alikuwa na uso wa mzee aliyetumwa kazi asiyoipenda.

"Ni bongo," Carmel alisema.

Othmani aliinuka taratibu, akarudisha sinia la nyama mkekani. Mtu akasema bismillahi. Watu wakaanza kula, maana chakula hakiwezi kuachwa kipoe siku ya Idi, na mmoja baada ya mwingine wakaisifu pilau kwa sauti ndogo. Carmel alikaa, akamega, akatafuna. Chumvi ilikuwa sawasawa. Alishangaa kwamba alikuwa anaweza kujua hilo.

Vyombo vilipofika jikoni, Shufaa alimfuata akafunga mlango. Alisimama akiegemea sinki, mwanamke yule wa sauti, akitafuta sauti.

"Barua ya kaka ilikuja kabla ya mfungo," alisema. "Mara tatu nilianza kukwambia. Mara ya kwanza ulikuwa umelala. Mara ya pili ulinitazama kwa hayo macho. Mara ya tatu sijui nini kilinishinda."

Carmel alisugua sufuria.

"Kwetu neno zito analibeba mtani. Mtu akifa, mtani ndiye anayekuja kusema yale ambayo ndugu hawawezi kuyatamka. Likipita mdomoni kwake linapungua makali. Nikamwomba Othmani. Siku ile alipokwambia ufungashe, nilikimbilia jikoni humu nikasimama kama mwizi. Siku mbili baadaye nikaona umeanza kufungasha begi. Nikasema, alhamdulillahi, mtoto ameelewa. Ameelewa na hana neno. Leo nilitaka alimalizie tu, mbele ya watu, ujue na siku yenyewe."

"Nilifunga begi," alisema Carmel polepole, "juu ya maneno ya Marcelline. Kisha Tumu akasema ni mchezo. Nikafungua."

"Tumu hakutaka kulisema yeye. Nilimkanya." Shufaa alijifuta uso kwa kiganja chenye unyevu. "Wana chumba kule kwao, yeye na Othmani. Wamekubali uhamie. Chumba chenye mlango, Carmel, si pazia. Hutalala nje. Nisingekuacha ulale nje."

Nje ya dirisha, kwenye baraza, matambara yaliyoganda asubuhi yalikuwa yanadondosha maji. Sebuleni watu walikuwa wameanza tena kuzungumza, na sauti ya Othmani ilisikika ikiomba chai, kwa adabu, kama mgeni yeyote.

"Sema kitu," Shufaa alisema. "Ukinyamaza mimi sijui. Miaka miwili sijui. Umekasirika? Umeridhika? Niambie."

Carmel aliweka sufuria chini. Kichwani mambo yalikuwa yamechanganyika kama mchele na mawe: dera na begi, mwiko na kitanda kilichouzwa kikiwa bado chumbani, watu wanaotukana kwa upendo na watu wanaonyamaza kwa upendo, na yeye katikati, hajui lipi ni lipi. Aliona kwamba kama hili nalo lingekaa kooni, Shufaa angelipeleka Handeni kama jibu, vile alivyolichukua lile begi. Akakausha mikono kwenye dera jipya, akamtazama usoni.

"Siku zote ninakupenda, da Shufaa," alisema. "Leo hapana."